Baridi Katika Vidole vya Baba Mdogo

Watu wakinisikia nikisimulia habari za mtu aliyegandishwa vidole na baridi, swali la kwanza huwa ni moja: alikuwa amehamia nchi gani? Nami hujibu kwamba alikuwa amesimama katika stoo ya nyumbani kwetu, karibu na Khayega, mwezi wa Januari, jua limekausha hata migomba. Hapo wengi huniangalia kama mtu anayetaka kuwauzia kitu. Wacha waangalie. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo sijamaliza kustaajabu.

Barafu tuliyoijua sisi ilikuwa ya mvua ya mawe. Mvua ya Kakamega ikikasirika hupiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wakaongea kwa ishara, na ikishapita watoto hutoka mbio na sahani kuokota yale mawe na kuyatafuna. Ukichelewa kumringia mwenzako kwa jiwe kubwa uliloshika, limeshakuwa maji. Kwa hiyo baridi kwetu ilikuwa kitu cha kuchezea, mgeni asiyelala. Baridi ya kulala aliileta baba mdogo.

Baba mdogo, ndugu mdogo wa baba yangu, alisomea mambo ya mifugo kule Bukura, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mrija. Miaka ile ya tisini kazi hiyo ilihitaji moyo mgumu mahali petu. Sisi ni watu wa kupiganisha mafahali. Mwanamume anaweza kukosa viatu lakini fahali wake atalishwa, ataimbiwa, atasindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti kama bwana harusi. Sasa mtu anafika kwenye boma kama hilo na pikipiki, amefunga mkebe nyuma, anasema fahali yumo ndani. Walimwita Fahali wa Mkebe. Yeye alijibu kwamba fahali wake hana muda wa kupigana, ana watoto wa kulea.

Alikuwa bado hajaoa na alikaa nasi, akapewa stoo kama chumba cha kazi. Baba alikuwa akilima mahindi huko Likuyani na alikuja kwa nadra, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mama, baba mdogo na mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne nikingoja matokeo. Mama na baba mdogo hawakuweza kupishana mlangoni bila kuchokozana. Kwetu mulamwa, yaani shemeji, ana ruhusa ya kukutania mpaka machozi yakutoke, na ukikasirika unaonekana wewe ndiye mshamba.

Mle stoo kulikuwa na mtungi mkubwa ulioletwa na lori, na ndani yake naitrojeni, baridi ya kugandishia mbegu za mafahali. Ni kitu kisafi, cheupe kama maji ya kisima, lakini kinachemka bila moto na moshi wake hauendi juu. Moshi ule uliteremka ubavuni mwa mtungi, ukatambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango hadi nje. Siku ya kwanza kuuona nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Baba mdogo akacheka, akachuma jani la sukuma wiki nje, akalishika kwa koleo na kulichovya. Alipolitoa aligonga nalo ukingo wa meza, likavunjika kama sahani. Niliokota kipande kimoja, nacho kikalegea polepole kiganjani mwangu, kikawa sukuma tena, ila sukuma iliyokufa. Sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa nimeona kitu kinachoua bila kuunguza, na kinakaa chumba cha pili kutoka kitanda changu.

"Hii ikikudondokea tone moja, litateleza tu liende zake," alinifundisha. "Shida ni ikipata mahali pa kukaa."

Alilijua hilo, kwa hiyo mtu asije akasema hakujua. Lakini kujua ni jambo moja, na kumkatalia shemeji zawadi ni jambo lingine.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kwa wenye ng'ombe, alimimina naitrojeni kutoka mtungi mkubwa hadi ule mdogo wa pikipiki. Mkono wa kulia uliinamisha mtungi mkubwa, wa kushoto ulishika shingo ya ule mdogo. Mama alimwona akipuliza vidole baada ya kazi hiyo, akamhurumia. Kwa siku kadhaa alikaa barazani na sindano zake za kufumia, akatumia uzi uliobaki kwenye sweta langu la shule, akafuma glavu mbili za sufu rangi ya damu ya mzee, nene, zilizobana vizuri kifundoni ili baridi isipenye. Alimpa mbele ya jirani, kwa kejeli nyingi kuhusu mwanamume asiye na mke wa kumfumia. Baba mdogo alizivaa palepale, akacheza nazo ngoma uani. Angefanya nini kingine?

Lazima niseme kuhusu mkono wake wa kushoto, maana habari yote iko hapo. Mpandishaji huingiza mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe kwa njia ya haja, mpaka karibu na bega. Hakuna anachokiona. Kwa ncha za vidole, kupitia ukuta laini wa utumbo, anatafuta mlango wa kizazi, anaushika, na mkono wa kulia unaongoza ule mrija wa chuma hadi mahali pake. Anayekosea kwa upana wa kidole amemwaga kazi bure, au amemuumiza mnyama. Baba mdogo alikuwa akifumba macho akiingia, nami nilipomuuliza sababu aliniambia macho ya usoni yanayapigia kelele yale ya vidoleni. Wapo waliosoma naye waliokuwa na akili kumzidi, lakini vidole vile hawakuwa navyo. Bila vidole vile angekuwa mtu wa pikipiki tu.

Asubuhi ile nilikuwa nafagia ua. Nilimsikia ndani ya stoo akilaani kidogo, kisha akanyamaza, kisha akaendelea kumimina. Baadaye tulijua kilichotokea. Mtungi ulitikisika, naitrojeni ikafurika na kumwagikia mkono wa kushoto. Ingekuwa mkono mtupu, ingeteleza. Lakini sufu ilikunywa, ikakaa. Hakutaka kuangusha mtungi, kwa kuwa lori halikuwa na siku maalum na gesi ikiisha kazi inasimama, basi akauma meno akamaliza kumimina. Na jambo la kutisha ni kwamba maumivu yaliisha kabla hajamaliza.

Alitoka nje akicheka.

"Shemeji! Njoo uone hii glavu yako vile inafanya kazi," aliita. "Mwanzo baridi ilikuwa inaniuma kama mbwa. Saa hii imenyamaza kabisa."

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono. "Imenyamaza aje?"

"Sisikii kitu."

Alilisema kama habari njema. Mama hakucheka. Alimuuguza ndugu yangu mdogo aliyefariki kwa homa, na nadhani tangu siku ile mtoto aliponyamaza kulia, mama hakuwahi tena kuamini uchungu unaonyamaza wenyewe. Alimshika kifundo, akaigusa ile glavu. Ilikuwa ngumu kama gome la mti na ilitoa moshi mwembamba. Baba mdogo akaanza kuivuta. Mama akampiga kofi la mkono, akaingia ndani kuchukua makasi, akaikata taratibu kuanzia kifundoni hadi ikafunguka.

Sijui niyaeleze vipi niliyoyaona. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vyeupe kama mshumaa hadi kwenye kiungo cha pili. Cha kati na cha shahada vilikuwa vimepauka, ncha zake tu ndizo zenye weupe ule. Baba mdogo ni mweusi wa kung'aa, na weupe huo haukuwa wa mzungu wala wa ugonjwa wowote niliowahi kuuona. Havikukunjika. Ngozi haikubonyea mama alipobonyeza. Kikombe cha bati kilikuwa kwenye ukuta wa baraza, na baba mdogo, bado akitaka mzaha, akakigonga kwa kidole. Kikalia ko, ko, kama kimegongwa na kijiti.

Hapo kicheko kilimwisha. Nilimwona akikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Moto," akasema, akaelekea jikoni.

Moto ulikuwa umewaka vizuri mafigani, chai iko juu. Nami nilimfuata nikiona ni sawa kabisa, kwani aliyeshikwa na baridi si huota moto? Mama alimkimbilia akamkamata kwa nyuma, akamvuta shati hadi kifungo kikaruka.

"Huo mkono hausikii! Moto itaukula na wewe unaangalia tu. Utajuaje umeiva?"

"Basi niusugue."

"Ngoja kwanza. Ngoja nifikirie." Mama alimkalisha kwenye kigoda, akasimama mbele yake mikono kichwani, kisha akauliza swali ambalo mimi, na vyeti vyangu nilivyokuwa nikivingoja, nisingeliuliza. "Ile mirija yako ya mbegu. Ukiitoa kwa baridi, unaichomanga kwa moto?"

"Hapana. Mbegu inaungua."

"Unaisuguanga?"

"Hapana, shemeji. Unaiweka kwa maji ya vuguvugu, inayeyuka yenyewe haraka, inaamka ikiwa..." Walitazamana.

"Ikiwa hai," mama akamalizia. "Si hata kidole ni nyama? Maji iwe ya joto gani?"

"Kama ya mwili wa ng'ombe. Ikizidi kidogo inaua. Mimi hupimanga na..." Akatazama mkono wake. Kipimajoto chake kilikuwa kimevunjika wakati wa Krismasi, na tangu hapo alikuwa akipima maji kwa vidole vilevile.

Mama alichukua kile kikombe cha bati, akaenda kwa ng'ombe wetu ambaye asubuhi ile alikuwa hajakamuliwa, akachuchumaa, nikasikia maziwa yakigonga bati. Alirudi mbio kikombe kikitoa povu. Akaniagiza beseni, maji baridi ya jikoni na maji ya moto. Akaketi chini, akaingiza vidole vya mkono mmoja ndani ya maziwa na vya mkono wa pili ndani ya beseni, akafumba macho.

"Ongeza moto," akasema. Nikaongeza. "Kidogo tena. Aa, umezidisha, leta baridi. Tena. Basi! Imelingana."

Nimekaa na watu wengi wenye vyombo vya kupimia vitu. Sijaona tena kipimo kama kile, mwanamke amefumba macho, mwili wa ng'ombe mkono huu, maji mkono huu, akisikiliza kama anayesikiliza watu wawili wakiongea kwa pamoja.

Mkono uliingia majini. Kwa muda hapakuwa na kitu. Mama akawa akinyoosha kidole chake kupima, akinituma maji ya moto, akiyamimina pembeni mbali na vidole na kuyachanganya. Kisha baba mdogo akavuta pumzi kwa meno, akasema, "Imerudi." Baada ya hapo alilia. Mwanamume aliyewahi kupigwa teke la goti na ndama akaendelea na kazi alilia kama mtoto, akitaka kuutoa mkono, na mama akaushikilia kwa kifundo akilia naye. "Vumilia, mulamwa. Ikiuma ni yako. Ikiuma ni yako bado." Mimi nilimshika mabega kwa nyuma. Niliona weupe ukiondoka kuanzia chini, ukifukuzwa na wekundu, kisha rangi ya zambarau kama ya zambarau zenyewe zilizoiva. Ilikuwa kama kuona mtu akirudi kutoka mahali ambapo watu hawarudi.

Katikati ya hayo jirani yetu aliingia na yai mkononi na ngozi ya sungura kwapani. Alikuwa amesikia kilio, akaambiwa na nani sijui kwamba Fahali wa Mkebe ameungua. Kwetu aliyeungua hupakwa ute wa yai na kubandikwa manyoya ya sungura, na wapo waliopona.

"Mtoe hiyo mkono kwa maji, mnamtesa bule," akasema. "Jeraha la moto halitaki maji."

"Si moto, mama. Ni baridi," nikamwambia.

Alitazama jua uani, akatazama nguo zake zilizolowa jasho, akanitazama mimi. "Baridi ya wapi?"

Nikamfungulia mlango wa stoo, moshi ukatoka na kumgusa miguu. Aliruka hadi nje, akaomba kwa jina la Yesu, na aliporudi alikaa kando ya mama, akampangusa jasho. Lile yai tulikuja kulikaanga.

Mama aliukausha mkono kwa kuugusagusa tu na kitambaa safi, hakuupangusa. Akaweka vipande vya kitambaa kati ya kidole na kidole, akaufunga bila kukaza, akautundika kifuani kwa leso, vidole vikiwa juu. Malengelenge yalikuwa yameanza kuinuka, nami nilisikia jirani akishauri yatobolewe. Mama alisema hakuna atakayetoboa bahasha ya Mungu. Kisha baba mdogo akapakiwa nyuma ya baiskeli ya boda boda, mkono umeinuliwa kama anayeapa, kuelekea hospitali mjini. Mimi na mama tulifuata na nyingine.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana. Alifungua kitambaa, akatazama, akauliza mara mbili kama amesikia vizuri, kisha akawaita wauguzi wote waje. Alituambia bila kuona haya kwamba ugonjwa huo alikuwa ameusoma kwenye vitabu vya nchi za theluji, na hakutarajia kuukuta Kakamega. Alimchoma sindano ya pepopunda, akampa dawa za maumivu, akayaacha malengelenge yale yaliyokuwa na damu kama yalivyo. Akamkataza sigara, kwa sababu moshi hubana mishipa ya damu, jambo lililomuuma baba mdogo kuliko sindano. Akaonya kwamba vidole vilivyogandishwa mara moja visiguswe tena na baridi, vikiganda mara ya pili havina msamaha.

Baba mdogo akauliza, "Mtakata?"

"Hatukati sasa. Hata sisi hatujui ni kipi kimekufa na ni kipi kimelala. Tungoje kidole chenyewe kituambie."

Mama akauliza kama maji yale yalikuwa makosa. Daktari akasema maji ndiyo dawa, na kwamba moto ungeumaliza mkono. Nilidhani mama atafurahi. Aliinamisha kichwa akasema polepole, "Na hiyo glavu?" Daktari alisita. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa mwongo. Alisema kitambaa kinacholowa ndicho kinachoishikilia baridi. Dereva wa lori la gesi naye alituambia baadaye kwamba inayofaa ni glavu ya ngozi, kavu, kubwa kuliko mkono, ambayo ukiitikisa mara moja inaruka yenyewe. Kubana ndiko kulikomponza, na mama alikuwa amebana kwa makusudi, kwa upendo.

Zikaanza wiki za kungoja. Sijawahi kuona nyumba ikitazama vidole namna ile. Malengelenge yalikauka. Ncha ya kidole cha mwisho ikawa nyeusi, kisha ya kidole cha pete, nyeusi ya makaa, kavu, isiyonuka, ikijitenga na nyama hai kwa mstari mwembamba uliojichora wenyewe. Nilikuwa nikiutazama mstari huo kila alipofunguliwa kitambaa. Nani aliyeuchora? Mwili ulikuwa umekaa kikao chake wenyewe, ukaamua hiki tunakiacha na hiki tunabaki nacho, na sisi wote, pamoja na daktari, tulikuwa wasikilizaji tu. Ncha zile mbili zilianguka, moja baada ya nyingine, bila tone la damu. Baba mdogo alizizika chini ya mgomba, akasema sasa ameshatangulia kaburini kidogo.

Vidole vingine vilipona kwa macho. Ngozi mpya ilitoka, laini. Lakini havikusikia. Mama alitia mahindi na maharagwe kwenye mfuko, akamwambia atofautishe kwa kupapasa. Alishindwa. Akajaribu sarafu na kifungo, akashindwa. Kila jaribio lilipoisha alitoa mzaha, na kila mzaha ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Wenye ng'ombe waliacha kumwita, wakarudi kwa mafahali, na wengine walifurahi wazi. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye pikipiki isiyowashwa, mkono wa kushoto mapajani, akiusuguasugua kwa ule wa kulia kama anayeamsha mtoto.

Mama naye aliacha kufuma. Sindano alizifungia sandukuni. Jioni moja tukila obusuma, ugali wetu, alisema ghafla, bila kumtazama, "Ni mimi nimekuua mkono."

"Shemeji," baba mdogo akajibu, "glavu yako ilikuwa nzuri mpaka baridi yenyewe ikaipenda, ikakataa kutoka." Akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amegundua, kama mimi, kwamba shemeji yake angesema uongo wowote ili kumtuliza, na tangu hapo hakuamini tena neno lake kuhusu vidole. Akisema leo vinawashawasha, mama anaitikia tu. Akisema leo nimesikia baridi ya maji, mama anaangalia pembeni. Nilimhurumia mama kuliko mwenye mkono.

Mvua za Machi zilipoanza, mama alimfunga ng'ombe wetu kwenye kizimba cha mbao, akaleta maji na sabuni, akamwita shemeji yake. Ng'ombe huyo alikuwa amepandishwa na baba mdogo mwaka uliotangulia, mwezi wa Oktoba, na hakuna aliyekuwa amempima kama ana mimba.

"Ingia," mama akasema.

"Wacha, shemeji. Siku nyingine."

"Ingia nione."

Alivua shati. Aliuvaa ule mfuko mrefu wa plastiki wa mkononi, akaupaka sabuni, akafumba macho, akaingia. Mimi nilikuwa nimeshika mkia. Alikaa humo muda mrefu, uso umegeuzwa upande, na sikuona chochote usoni mwake zaidi ya jasho. Mara mbili alitikisa kichwa. Kisha mdomo ukafunguka kidogo.

"Iko," akasema. "Ana mimba."

Mama alikuwa amekunja mikono. "Nani amekwambia?"

"Mshipa. Uko hapa kando ya mfupa, upande wa kulia. Mimba ikikua mshipa wake unatetemanga, kama maji yanapita kwa mpira mwembamba. Nimeusikia na hiki cha shahada."

"Unasema tu ndiyo nilale."

"Shemeji, haki ya Mungu."

Mama alimtazama. Kisha akaanza kukunja mkono wa gauni lake, hadi begani. Baba mdogo akasema mambo haya si ya wanawake, na mama akamjibu kwamba ng'ombe ni mwanamke. Akachukua mfuko mwingine kwenye boksi la kazi, akauvaa, akaupaka sabuni. Ng'ombe alikohoa, akahamisha mguu. Mama aliingia taratibu, uso umekunjamana, baba mdogo kando yake akimwelekeza kwa sauti ndogo: nenda mbele, shuka, sasa kulia, gusa mfupa, usikaze, tembeza kidole pole pole, ngoja.

"Hakuna kitu," mama akasema. Sauti ilikuwa imeanza kupasuka. "Nilijua. Hakuna kitu hapa."

"Rudi nyuma kidogo. Ngoja."

Tulingoja. Mvua ndogo ilianza kunyesha na hakuna aliyehama. Nilikuwa nikimtazama mama usoni, na niliona pale hasa jambo lilipomfikia. Macho yalifunguka wazi, akasimama wima kama aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemwona.

Hakusema ameusikia. Aliutoa mkono, akauvua mfuko, akaosha, akapangusa vidole kimoja kimoja kwa kanga. Kisha akamgeukia shemeji yake na kumzaba kofi la shavu, si la nguvu, machozi yakimtiririka.

"Kesho uende kazi," akamwambia. "Umekaa sana kwangu bule."